Mkono Ambao Farah Hakuuona

Mwezi uliopita, kwenye soko la mifugo la Voi, kijana mmoja muuza mbuzi kutoka Garissa aliniambia kwamba Farah amefariki. Hakuja kunipa habari hiyo. Alikuwa akijibu swali langu. Kila ninapokutana na mtu wa upande ule humuuliza kama anamjua mzee mmoja mrefu, mkalimani wa zamani wa watu wa mifugo, mwenye kovu kidevuni. Kwa miaka mingi nilijibiwa kwamba yupo, ana ngamia, ameoa, ana wajukuu wasiohesabika. Safari hii yule kijana alisema, "Tulimzika kabla ya Ramadhani," akaendelea kuvuta kamba ya beberu aliyekuwa akimuuza. Nilimuuliza kama aliugua sana. Akasema la, ni uzee tu. Aliswali alasiri, akajilaza, hakuamka. Nilimshukuru nikarudi nyumbani, nikaketi bila kuvua viatu, na mke wangu aliponiletea chakula nilikitazama mpaka kikapoa. Alitaka kujua nani amekufa. Nikamwambia ni mtu niliyefanya naye kazi mwaka mmoja tu, zamani sana. Hilo ni kweli, lakini mtu anaweza kusema kweli na bado akawa hajasema lolote.

Kwenye meza yetu ya karata tulikuwa wanne, na sasa nimebaki mimi peke yangu. Nikitaka naweza kuusimulia mwaka ule kwa namna itakayonipendeza, na hakuna wa kunisahihisha. Ndiyo maana naona ni heri niuandike leo, kabla sijajizoesha kuusimulia vizuri. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mchanjaji wa ng'ombe, na nilikuwa nimepelekwa kwenye kambi ya karantini upande wa mashariki ya mto Tana, mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka Garissa kwa njia ya Bura. Mifugo iliyokuwa ikienda kuuzwa ilizuiwa pale, ikachanjwa dhidi ya sotoka, ile tauni ya ng'ombe, na kungojewa siku zake, ndipo iruhusiwe kupita. Kambi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu cha kuta za udongo na paa la bati, stoo ya dawa, zizi la miiba, na kile kichochoro cha magogo tulichokuwa tukiwapitishia ng'ombe mmoja mmoja ili tuwadunge sindano. Chumbani mlikuwa na vitanda vinne vya kamba. Changu kilikuwa karibu na mlango, kwa sababu mimi ndiye niliyefika wa mwisho. Katikati palikuwa na meza aliyoiunga Mutua kwa mbao za masanduku ya dawa, na ukiegemeza kiwiko ulihisi misumari. Adhuhuri bati lilikuwa likilia kwa joto, na hakuna aliyeweza kufanya kazi wala kulala, kwa hiyo tulicheza karata.

Mwenye karata alikuwa Sajini. Jina lake alilijua karani wa mishahara. Sisi tulimwita Sajini, kwa kuwa alikuwa amepigana Burma na kurudi na cheo hicho, kikohozi, na mchezo wa poka. Alikuwa mtunza stoo na ndiye mkubwa wetu pale kambini. Mutua alikuwa dereva wa lori, Mkamba mnene mwenye kucheka kwa pua. Wa tatu alikuwa Farah, mkalimani wetu, aliyekuwa akienda kwa wafugaji kuwaeleza kwa nini serikali inataka kuwachoma sindano ng'ombe wao, na kurudi na majibu ambayo hakumfasiria Inspekta, mkubwa wetu wa Garissa, yote. Alisema "boka" badala ya poka, nasi tukaishia kusema hivyo hivyo. Pesa hakukubali zitiwe mezani hata senti moja, kwa kuwa hiyo ni kamari na kamari ni haramu. Tulichezea njiti za kiberiti, na mchezo ukiisha njiti zote zilirudi kwenye boksi lake. Mkewe, Shamsa, hakuikubali hata hiyo. Alikuwa na nyumba yake ya mikeka nyuma ya chumba chetu, aliyoileta kwa ngamia na kuisimamisha mwenyewe kwa siku moja, na alipopita na birika la chai alikuwa akisema kwamba shetani hajali kama mnamhesabia shilingi au vijiti.

Shamsa ndiye aliyetupikia. Sikupata kula vizuri namna ile kabla ya hapo, na sikumbuki nyumba yoyote ya ujana wangu kwa harufu kama ninavyoikumbuka ile: moshi wa kuni za kufukizia vibuyu vya maziwa, samli, iliki. Asubuhi tulikula anjera, chapati zao laini za unga uliochachuka, kwa samli na sukari, na chai ya maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi. Mchana wali, na kukiwa na mnyama aliyechinjwa, nyama. Wanaume wanne tulizunguka sinia moja, na Farah alikuwa na desturi ya kwao ya kusukuma vipande vizuri kwa vidole mpaka upande wa mwenzake bila kusema neno na bila kukutazama. Aliniita walaal, ndugu. Nilipofika sikujua Kisomali hata salamu. Yeye alinifundisha, nami nikamfundisha sindano, kipimo cha dawa na namna ya kumshika ng'ombe shingo. Baada ya miezi sita aliweza kuchanja kama mimi, nami niliweza kuzungumza na wachungaji bila yeye. Tulijivunia jambo hilo sisi sote wawili. Hatukujua kwamba tayari tulikuwa tumeshakuwa watu wanaoweza kubadilishwa, huyu akakaa mahali pa huyu.

Poka si mchezo mgumu. Kila mmoja hupewa karata tano, ambazo pamoja huitwa mkono wake, huacha zile asizozitaka na kupewa nyingine mara moja tu, kisha anayeendelea na mchezo huonyesha alicho nacho. Karata mbili za namba ile ile ni jozi. Jozi hushindwa na jozi mbili, jozi mbili hushindwa na karata tatu za namba ile ile. Tatu hizo nazo hushindwa na mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana kama watu kwenye foleni, hata kama alama zao ni tofauti. Na mfululizo hushindwa na karata tano za alama moja, kwa mfano zote zikiwa shupaza. Kuna mengine ya juu zaidi, lakini haya yanatosha. Lililomshughulisha Sajini zaidi ya namba ni adabu. Alitufundisha kama kwata ya jeshini. Usimchungulie jirani. Usimcheleweshe anayengoja. Ukishatoka kwenye mchezo, funga mdomo. Karata ukizitupa kifudifudi zimekufa, na hazifufuki hata kama zilikuwa wafalme wanne. Lakini ukizilaza chali mbele ya watu, hapo zina mdomo wao. Mwenyewe akiwa amezisoma vibaya, akiwa amelewa, akiwa hajui kuhesabu, si kitu. Zinasema zilivyo, na kila aliyeketi pale lazima aseme anachokiona, kwanza kabisa yule ambaye kusema kutamgharimu. "Mezani hakuna mwizi mbaya," alisema, "kama anayeona na kunyamaza." Na hakuwa akisema tu. Siku moja Mutua alilaza karata zake akisema hana kitu, na Sajini, aliyekuwa akishindana naye na rundo kubwa la njiti katikati, alizigusa kwa kidole akamwonyesha kwamba ana jozi mbili, kisha akamsukumia lile rundo. Mimi nilikuwepo. Siwezi kusema kwamba sheria ile sikuijua.

Mwezi wa tisa Inspekta alikuja kutoka Garissa na gari lake dogo, na hakushuka. Alisema sotoka imeonekana upande wa Hulugho, na anahitaji mtu wa kukaa kule visimani miezi miwili na askari mmoja, achanje kila ng'ombe atakayekuja kunywa. Ama Farah ama mimi. Tukubaliane wenyewe, naye atapita baada ya siku tatu kuchukua jina. Tusipokubaliana atamwandika Farah, kwa kuwa ni nchi ya Wasomali. Mchanjaji aliyekwenda kule kabla yetu nilimwona aliporudi. Alishushwa kwenye lori kama gunia lisilo na kitu, macho ya njano kwa homa, na hakurudi kazini tena. Nami nilikuwa nimeahidiwa likizo ya Krismasi.

Jioni ya siku ile Farah alinikuta zizini. Hakuzunguka. "Walaal," alisema, "mimba hii ni ya tatu. Mbili zimekufa tumboni. Ya pili nilikuwa safarini, na Shamsa naye karibu afe. Nenda wewe, na mara nyingine yoyote, popote, mimi nitakwenda kwa niaba yako." Mimba ilikuwa ya miezi saba. Nilitazama chini nikamwambia kwamba yeye ni mzaliwa wa nchi hii, mwili wake umezoea, mimi nitakufa kule. Nilisema kuna shangazi yake Shamsa wa kumwangalia, na Garissa kuna daktari, na lori lipo. Kila nilichosema kilikuwa na akili ndani yake. Nilipomaliza nikaona nimeonekana mbaya, na ili nisionekane mbaya nikasema, "Basi tusivutane. Tuziachie karata." Farah alijibu kwamba kwa njiti za kiberiti angeweza kujitetea mbele ya Mungu, lakini kwa hili hajui. Akaenda nyumbani kwake. Ukuta wa mikeka hauzuii sauti, nami nilikuwa nikinawa mikono nje, na Kisomali alichonifundisha kilitosha. Shamsa alimtaka aende kwa Inspekta mwenyewe amweleze. Farah akamjibu kwamba Inspekta ataandika kuwa amekataa kazi. Kisha nikamsikia Shamsa akisema, kwa uchovu tu wala si kwa hasira, "Basi cheza. Lakini usije ukaniambia umetengwa nami na kipande cha karatasi."

Tulicheza kesho yake baada ya chakula. Mkono mmoja tu, karata tano, kubadilisha mara moja, kuonyesha, basi. Sajini aligawa. Mutua alisimama mlangoni kama shahidi, akichokonoa meno. Nilipewa wafalme wawili na takataka tatu. Nikaacha takataka, nikapewa tatu nyingine, na mmoja wao alikuwa mfalme. Wafalme watatu ni mkono mzuri sana kwa watu wawili. Farah alikuwa ameacha karata moja tu. Mtu anayeacha moja mara nyingi ana nne za alama moja na anaitafuta ya tano. Aliifunua ile aliyopewa polepole, kwa kidole gumba, na nikamwona uso ukimwanguka, maana yeye hakuwa na uwezo wa kuuficha. Alizilaza zote chali juu ya zile mbao. "Nimekosa," alisema. "Nilitaka shupaza ya tano. Nimepata kopa."

Nilizitazama. Kulikuwa na saba ya shupaza, nane ya shupaza, kumi ya shupaza na ghulamu wa shupaza, yule anayefuata kumi, na kando yake, nyekundu peke yake, tisa ya kopa. Alikuwa ameitazama rangi yake tu, namba hakuiona. Saba, nane, tisa, kumi, ghulamu. Ule ulikuwa mfululizo, na mfululizo hushinda wafalme watatu. Nilizihesabu mara ya pili kwa sababu nilitumaini nimekosea. Kisha nikainua macho, na Sajini alikuwa akinitazama. Hakuwa akizitazama karata. Kiganja chake kilikuwa juu ya zile zilizobaki, na kikohozi chake, ambacho hakikuwahi kupumzika, kilikuwa kimenyamaza. Kimya kile hakikuzidi muda wa mtu kumeza mate. Mara nyingi nimejaribu kukikumbuka kirefu zaidi, kama kwamba nilipambana na nafsi yangu. Sikupambana. Niliwalaza wafalme wangu mezani mmoja baada ya mwingine, na Farah akawatazama akasema, "Umeshinda, walaal," akanipa mkono. Sajini alizikusanya karata. Sikumwona tena akizitoa sandukuni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Mombasa kikazi, nilikaa hotelini na karani mmoja mzee aliyekuwa amecheza poka maisha yake yote, nikamuuliza kama jambo la kumhusu mtu mwingine. Alisema inategemea meza. Kwenye meza nyingine karata zilizo wazi husema zenyewe na kunyamaza ni wizi. Kwenye meza nyingine kila mtu anautunza mkono wake, na asipouona mwenyewe ni hasara yake, na tena kumsemea ni kuingilia. Nilirudi nikalala vizuri usiku huo mmoja. Asubuhi nilikumbuka kwamba mimi sikuwa nimeketi kwenye meza nyingine.

Farah aliondoka siku ya tatu. Aliniachia Shamsa kwa maneno machache mbele ya watu wote, akasema nimtazame kama dada, na yule shangazi, ambaye sote tulimwita Eddo, akaleta mkeka wake akahamia pale. Majuma ya kwanza yalikuwa mazuri, na hilo nalo ni la kuandikwa. Nilikula nikashiba. Homa niliyokuwa nikiiogopa haikunijia, kwa kuwa sikuwa mahali ilipokuwa. Nilimkatia Shamsa kuni, nikamchotea maji, nikajiambia kwamba mambo yamekwenda sawa na huenda ndivyo yalivyopangwa. Mwezi wa kumi na moja mvua za vuli zilianguka ghafla, kwa nguvu, na udongo mweusi wa nchi ile ukawa uji. Lori halikuweza kwenda Garissa wala kurudi. Uchungu ulimshika Shamsa asubuhi moja mvua ilipokuwa imepumzika. Eddo alitufukuza nyuma ya stoo. Adhuhuri akaja mwenyewe, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, akamwambia Sajini kwamba mtoto amekaa vibaya, ameshindwa kumgeuza, apelekwe kwa daktari.

Mutua aliliendesha lori mpaka likazama kwa mhimili maili mbili tu kutoka kambini. Tulikuwa tumemlaza Shamsa nyuma juu ya kitanda changu, kilichochukuliwa kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mlango. Tukakishusha kitanda, tukakibeba wanaume sita, askari wawili waliolinda zizi na wachungaji wawili na Mutua na mimi, tukatembea. Matope yalitufika magotini. Mimi nilishika upande wa kichwa chake. Kwa muda mrefu alikuwa ameuma upindo wa shuka. Kisha akaniuliza Farah yuko wapi. Nilimwambia yuko njiani. Eddo, aliyekuwa akitembea ubavuni akiwa ameshika mkono wake, alinitazama, naye alijua kama mimi kwamba Farah alikuwa Hulugho na hakuna aliyeweza kumfikishia hata salamu. Shamsa akauliza tena, nikajibu vile vile. Mara ya tatu hakuuliza. Eddo akatuambia tuweke kitanda chini na tugeuze nyuso zetu. Tulisimama tukiutazama msitu wa miiba, wanaume sita, tukasikia kila kitu. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Jua lilikuwa bado juu Eddo aliposema, "Innalillahi," na hapo tukajua tunaweza kugeuka.

Tulimrudisha kwa njia ile ile, tukamzika pamoja na mtoto wake kabla ya magharibi, na wachungaji wakamswalia. Kitanda changu kilirudishwa mahali pake. Nilikiosha kamba, nikakianika, na baada ya siku mbili nikalala juu yake, maana hapakuwa na kingine.

Juma moja baadaye nilikuwa nikichemsha sindano nyuma ya stoo, nikamsikia Mutua akizungumza ndani na Sajini. Sijui walianzia wapi. Mutua alikuwa akisema kwamba yeye alisimama mbali, hakuziona vizuri, na tangu siku ile amekuwa akizipanga kichwani. Kisha akauliza moja kwa moja, "Zile za Farah zilikuwa mfululizo?" Sajini akasema ndiyo. Mutua akamuuliza kwa nini basi hakusema, na yeye ndiye aliyegawa. Kikohozi kikamshika mzee yule muda mrefu. "Nilimngoja kijana aseme," alijibu. "Haki ya kusema ilikuwa yake kwanza. Nilitaka kumjua ni mtu wa namna gani." Mutua akasema, "Ukamjua." "Nikamjua," alisema Sajini. "Nilipomaliza kumjua, Farah alikuwa ameshampa mkono, nikaona nimechelewa." Nilisimama pale na maji yakichemka mpaka yakakauka, na sindano mbili zikaungua. Nilimchukia Sajini kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nimekuja kuelewa kwamba nilimchukia kwa kuwa nilikuwa nikitafuta wa kugawana naye hatia. Alistahili sehemu yake. Lakini hakuna kilichopungua kwangu.

Farah aliipata habari baada ya majuma matatu, kutoka kwa wafanyabiashara wa ngamia. Alirudi kwa miguu nyuma ya ngamia wao, amekonda, midomo imepasuka. Alitusalimu mmoja mmoja na kutuuliza habari za afya na habari za mvua na habari za mifugo, kama desturi ya kwao inavyotaka, tukamjibu zote ni njema. Ndipo akaomba aonyeshwe kaburi. Eddo akamchukua. Siku zilizofuata watu walikuja kumpa pole, naye kila mara alijibu kwamba ni Mungu aliyepanga, na alilisema kwa utulivu mpaka wageni wakatulia. Alirudi kazini. Mimi nilikwenda likizo yangu. Nilikula wali wa Krismasi na kuku, nikaimba kanisani, na watu wakaniambia nimenenepa.

Niliporudi nilikuwa nimeamua kusema. Nilidhani huo ndio uungwana. Nilidhani ni ujasiri. Nilimwambia mwezi wa kwanza, tukiwa kwenye kile kichochoro cha magogo, yeye ameshika sindano na mimi nimeshika shingo ya ng'ombe. Nilisema, "Farah, zile karata zako hazikuwa za kushindwa."

Hakuacha kazi. Alidunga, akampiga ng'ombe kiganja mgongoni apite. "Nilikuwa na nini?" aliuliza. Nikamtajia. Akazirudia taratibu kwa Kisomali akihesabu vidole: saba, nane, tisa, kumi, na ghulamu. Akaniuliza kama niliona pale pale. Nikasema pale pale. Akauliza kama Sajini aliona. Nikasema aliona. Ng'ombe wawili wakapita, akawachanja wote wawili, na kipimo hakikukosewa.

"Nikikupeleka kwa wazee," alisema, "watauliza umenifanya nini. Ukimjeruhi mtu, ngamia wa fidia yake wanajulikana idadi. Ukimuua, wanajulikana. Mimi nitawaambia nini? Kwamba mtu alinyamaza?"

Nilimwambia anifanye anavyotaka. Akatikisa kichwa, na hapo ndipo aliponitazama. "Tangu nirudi nimesema ni Mungu aliyepanga. Nililisema mpaka nikaliamini, nikaanza kupata usingizi. Sasa kila nikitaka kulisema nitakuona wewe na wafalme wako. Ulikuwa nacho kitu hiki peke yako. Kwa nini umekuja kunipa mimi?"

Nilikuwa nimemnyang'anya mara ya kwanza kwa kunyamaza, na mara ya pili kwa kusema, na mara zote mbili nilikuwa nikijipunguzia mimi mzigo. Watu husema ukweli huponya. Labda humponya anayeusema. Nilimwona Farah akirudi kwenye sindano yake, na mgongo wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa upya.

Nilitarajia anitenge. Hakunitenga. Mchana tulizunguka sinia lile lile, sasa likipikwa na Eddo, na vidole vyake viliendelea kusukuma nyama upande wangu bila kunitazama, kwa sababu desturi ya mtu haifutwi na kosa la mwenzake. Miezi mitatu nilikula nyama ile. Walaal hakuniita tena. Nilikuwa Bwana Mwakio, kwa heshima zote, kama karani wa ofisini. Mutua alihamishwa. Sajini alizidi kukohoa, akaanza kula peke yake stooni, na siku moja akarudishwa kwao kwa lori akiwa amejifunika blanketi la jeshi.

Mwezi wa nne Inspekta alikuja tena. Sotoka ilikuwa imerudi Hulugho na alitaka mtu wa miezi mitatu. Kabla hajamaliza sentensi nilisema nitakwenda mimi. Nilikuwa nimeyangoja maneno yale, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kitandani. Inspekta alitoa kalamu. Farah, aliyekuwa amesimama kando ya gari akiwa na kofia mkononi, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba afadhali Bwana Mwakio abaki, maana homa ya kule itamdhuru.

"Nitakwenda mimi," alisema. "Mimi sina wa kumwacha."

Inspekta aliandika jina lake. Kisha akatutazama sote wawili, akasema ni jambo la kufurahisha kuona wafanyakazi wanaojaliana namna hii, akawasha gari akaondoka.